Maswali yenu: Njia ya miguu na baiskeli inapita mtaani kwetu, nani kaamua?

Toleo lililopita niliandika kipande kifupi tu kuhusu njia za waenda kwa miguu na baiskeli zinazopangwa kwenye mitaa yetu, nikasema kama kwako wamekuja watu na tepu na vigingi basi usikae ndani, toka ukaulize. Barua zilizokuja sikuzitegemea, yani nimezisoma siku tatu. Hizi hapa ni chache, zingine nimezikata ila maneno ni yenu wenyewe, na majina ya watu na mitaa nimeyaacha mana wengine mambo yao bado yanaendelea.

Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Dar, nyumba ya urithi, na kwa mbele nina kibanda cha chipsi ndo kinatulisha. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wamevaa vile vizibao vya kung'aa, wakapima pima, wakapiga X kwenye ukuta na kwenye kibanda wakaondoka. Nikawakimbilia nikauliza, wakasema mama hapa inapita njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Mjumbe hajui, mwenyekiti wa mtaa anasema na yeye kasikia tu. Hati sina, nina karatasi ya mauziano ya marehemu baba ya mwaka 1984. Nitalipwa? Na nani kaamua?

Marahaba mwanangu, na pole, najua ukishaona X kwenye ukuta usingizi unakata. Kwanza kabisa usiifute na usibomoe kitu chochote hata kama mtu amekuja na maneno makali. Piga picha, X yenyewe, kibanda, nyumba pande zote, mpaka jiko la chipsi lipige. Zitunze kwenye simu na nyingine mtumie ndugu yako, simu inaibiwa.

Alafu swali la kwanza sio nitalipwa shingapi, swali la kwanza ni hii barabara ya nani. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, yani wakala wa barabara wa taifa, za mitaani na vijijini tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na michoro ya mipango miji iko halmashauri. Ofisi hizo tatu mara nyingi haziongei, kwaiyo ukienda moja wakasema sio sisi usirudi nyumbani, nenda ya pili siku hiyo hiyo.

Kwanini nasema hivyo? Kwasababu kama ni barabara ya TANROADS, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi, yani eneo la barabara lisilojengwa, la mita 30 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Sasa hapo katikati kuna watu walijenga nje ya hifadhi kihalali kabisa, sheria ikabadilika wakajikuta wako ndani. Hao wana fidia. Ndo mana kwenye barabara kuu watu wamezoea kuona X za rangi mbili, nyekundu kwa aliyeifuata barabara, huyo halipwi, na kijani kwa aliyefuatwa na barabara, huyo analipwa. Ila kwako wewe, kutokana na ulivyonielezea kwenye barua yako ndefu, hiyo ni njia ya mtaa inayofuata mtaro, hapo hesabu za mita 30 haziingii kabisa, inabidi waonyeshe mchoro. Waambie hivyo hivyo, naomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hili na mstari wa njia unapita wapi. Omba kwa barua, mana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukienda kwa mdomo watakwambia njoo Alhamisi mpaka mwaka uishe.

Kuhusu hati usife moyo. Karatasi ya mauziano ya 1984 ni kitu, tena kikubwa, itoe kopi tano uifungie vizuri. Kuna watu wengi bonde la Msimbazi hawakuwa na hati na bado walithaminiwa wakalipwa. Mthamini akija anahesabu ardhi na jengo, alafu kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na kama kuna biashara kuna faida utakayoipoteza, na hapa ndo wengi wanapunjwa, tena hawapunjwi na serikali, wanajipunja wenyewe kwa kutokuwa na daftari. Wewe anza leo. Nunua kaunta buku, andika kila siku umeuza shingapi, viazi shingapi, mafuta shingapi, mkaa shingapi. Siku ya uthamini utapigwa picha umeshika kibao chenye namba na utasaini fomu. Usisaini fomu ambayo haina idadi ya vitu vyako, na usisaini yenye nafasi wazi hata kama jua linawaka na mthamini ana haraka. Wakishathamini, miezi sita ikipita bila malipo riba inaanza kuhesabiwa, na miaka miwili ikipita uthamini wenyewe umekufa inabidi warudi upya.

Sasa nani kaamua. Kwa utaratibu jambo kama hili linatakiwa lipite mkutano wa mtaa, liende kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndo mwenyekiti, liende kamati ya mipango miji ya halmashauri, ndo liingie baraza la madiwani. Mwenyekiti anaposema "na mimi nimesikia tu" hilo ni jibu kubwa kuliko anavyodhani. Maana yake hatua ya chini imerukwa. Muombe aandike barua yeye kama serikali ya mtaa aulize muhtasari wa kikao kilichopitisha, akikataa mwambie basi aitishe mkutano.

Na nikwambie kitu ambacho kilinikuta mimi nikiwa mjumbe wa kamati ya mtaa. Njia kama hiyo ilichorwa ikapita moja kwa moja juu ya baraza la mzee mmoja na mwarobaini ambao watu wote wa mtaa wanapumzika chini yake. Tulimuomba afisa aje. Alikuja kijana mpole tu, akatandaza karatasi juu ya boneti ya gari, tukatembea naye mtaa mzima na tepu, na alipofika kwenye mwarobaini akasimama akasema mbona huku hauonekani. Kwenye karatasi ule mti haukuwepo kabisa. Alichora kwa kutumia picha ya juu ya zamani. Akatoa penseli, akasogeza mstari mita moja na nusu upande wa pili ambako kulikuwa na kichaka tupu, dakika mbili imeisha. Mti upo mpaka leo na njia ipo. Kwaiyo nakuomba mwanangu usiende kule kupinga tu, nenda na tepu. Njia ya miguu na baiskeli haihitaji upana wa barabara kuu, mita tano zinatosha kwa vyote viwili, na mita tano zinapindika. Ikishamwagwa zege haipindiki tena.

Anti mambo. Mi bodaboda wa Kimara, nasoma kila toleo. Nimeona mnavyotusema kwamba tunapita kwenye njia za waenda kwa miguu. Anti barabarani tunagongwa, foleni imesimama, abiria anawahi kazini anakwambia pita humo humo. Na hizo njia baiskeli zenyewe hazipo, zimekaa tupu. Hizi njia mpya mnazoshabikia si zitakuwa vile vile?

Poa mwanangu, na asante kwa kusema ukweli wako, wengine wangekataa.

Hiyo ya Morogoro Road hapo kwenu Kimara naifahamu vizuri. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi ilipoanza kufanya kazi mwaka 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, kilomita kama 21, ilijengwa na njia za miguu na za baiskeli pembeni, na Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tulifurahi sana. Alafu nenda pale saa moja asubuhi usimame. Bodaboda inakuja nyuma inapiga honi kwenye njia ya miguu, mama ana mtoto mgongoni anaruka pembeni, pembeni kuna meza ya mitumba, anarudi tena njiani. Mwenye baiskeli akishapigiwa honi siku tatu siku ya nne anarudi barabarani kwenye malori au anaiuza baiskeli. Wewe unasema njia ni tupu ndo mana unapita, mimi nasema ni tupu kwasababu unapita. Nakuomba ulifikirie hilo kwa moyo mweupe, mana mama yako na yeye anatembea mahali.

Ila kuna sehemu una haki kabisa na hapa wapangaji wanakosea kila siku. Kwenye mchoro utaona mti umechorwa, taa imechorwa, benchi limechorwa, kijiwe cha bodaboda hakipo. Kama vile bodaboda hawaishi hapa mjini. Sasa kijiwe kisipochorwa kitakaa wapi? Kitakaa kwenye kona, na kwenye kona ndo njia inaanzia. Kwaiyo viongozi wenu wa vijiwe waende kwenye huo mkutano wakaseme tunataka sehemu ya kusimama pikipiki kumi hapa na kumi pale, yenye kivuli, nje ya njia. Hiyo ni hoja ya maana na inasikilizwa. Mama ntilie na wa mitumba hivyo hivyo, mwaka 2021 machinga waliondolewa kwenye njia na mitaro nchi nzima, na sehemu ambazo hawakuandaliwa pazuri pa kwenda wamerudi, kila mtu anaona.

Wengine mmeandika tuweke vigingi vya chuma mwanzo wa njia tuwazuie bodaboda. Nimelifikiria sana hili. Bajaji ina upana wa kama mita 1.3, kwaiyo vigingi vikiwa mita 1.2 bajaji na gari hazipiti, safi. Ila pikipiki inapita pale pale ambapo kiti mwendo cha mlemavu kinapita. Ukivibana mpaka pikipiki ishindwe umemfungia mlemavu. Kwaiyo kigingi peke yake hakimalizi, itabaki ni makubaliano ya watu na mgambo na trafiki kufanya kazi yao.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, natumia kiti mwendo. Kamati ya kata imenialika niwakilishe watu wenye ulemavu kwenye kikao cha kujadili njia mpya. Nimeambiwa nina dakika tano. Niseme nini? Sio mtaalam wa ujenzi.

Mwalimu, barua yako imenigusa kuliko zote na nitaijibu kwa kirefu mana dakika tano zako ndo zinaweza kuokoa huo mradi mzima. Na utaalam unao, wewe unaijua barabara kwa mikono yako.

Usianze na "haki za watu wenye ulemavu" kwa ujumla, ingawa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wako na uitaje mara moja ili iandikwe kwenye muhtasari. Ukiongea kwa ujumla watatikisa vichwa watapiga makofi wataendelea. Wewe waambie vitu vya kupima kwa rula.

Upana. Njia ya miguu iwe mita 2 zilizo wazi, yani baada ya kutoa nguzo ya umeme, mti, kibao na meza ya vocha. Kwenye mchoro inaandikwa mita 2 alafu katikati yake wanasimamisha nguzo, inabaki sentimita 60 na kiti chako hakipiti. Waulize neno hilo hilo, mita mbili wazi au mita mbili na nguzo ndani?

Mteremko. Pale njia inaposhuka kukutana na barabara kuwe na ramp, kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unahitaji ramp ya mita 1.8. Mafundi wetu wengi wanamwaga zege kidogo pale chini linakuwa kama kaburi la paka, wewe ukilipanda unarudi nyuma. Na ramp ikiwa upande huu lazima iwe na upande wa pili, nimeona mahali mtu anashuka vizuri kabisa alafu anakutana na ukuta wa ukingo mbele, amesimama katikati ya barabara magari yanakuja.

Mitaro. Hapa mwalimu naomba utumie dakika nzima. Njia nyingi zetu zinajengwa juu ya mtaro, mifuniko ya zege ndo inakuwa njia. Sio vibaya, inaokoa nafasi. Ila mfuniko ukiwekwa bila kukaa sawa unacheza, ukicheza unapasuka, ukipasuka nondo zinaonekana, wiki ijayo nondo zimeenda kwa wanunua vyuma chakavu na kuna shimo. Nimemuona mtoto wa darasa la kwanza, viatu vyake kavishika mkononi mvua ilikuwa imenyesha, anapita kwenye ukingo wa mtaro wenye upana wa tofali moja mana mifuniko mitatu haipo, dada yake anamshika kola kwa nyuma, na chini maji yanakwenda kasi. Wanaenda shule tu. Na kwa baiskeli kuna lingine, ule mwanya kati ya mfuniko na mfuniko ukikaa kwa kufuata urefu wa njia tairi jembamba linaingia, mtu anapaa juu ya usukani. Mianya ikate njia, isiifuate. Waambie waandike kwenye mkataba kwamba mifuniko ya akiba itengenezwe, hata ishirini tu, iwekwe ofisi ya kata, ili mmoja ukipasuka Jumatatu Jumanne uwe umebadilishwa.

Kwenye kila uchochoro na geti njia iendelee kwa kimo chake na gari ndo lipande lishuke, sio wewe upande ushuke mara kumi na tano kwa nusu kilomita. Hii wapangaji wanaijua ila wanaisahau mana kuiacha ni bei rahisi. Taa zimulike njia, sio barabara tu. Na miti ya kivuli, mana njia isiyo na kivuli Dodoma au Morogoro saa saba mchana hakuna atakayeitumia, hata ingekuwa ya marumaru.

Dakika zikiisha waachie karatasi yenye hayo, imesainiwa. Maneno yanapeperuka.

Hujambo? Nasoma jarida lenu nikiwa Nairobi, Kasarani. Huku wanasema kaunti inapanga njia ya watu na baiskeli. Tulienda kikao cha maoni, tukapewa soda, tukasaini karatasi ya mahudhurio, baadaye tunaambiwa eti "wananchi walikubali". Sisi tulisaini soda! Tufanyeje, ama tuachane nayo?

Sijambo kaka, na msiachane nayo. Mnayo sheria yenye meno kuliko sisi huku.

Ibara ya 196 ya Katiba yenu ya 2010 inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na ibara ya 35 inakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria yenu ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaja ikasema ujibiwe ndani ya siku 21, wasipojibu unaenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Kwaiyo andika barua uombe vitu viwili tu, mchoro wa njia na kumbukumbu za kile kikao, zile zinazoonyesha mwananchi gani alisema nini. Kama kumbukumbu hazina hata sauti moja, zina majina na saini tu, basi unao ushahidi kwamba hakuna aliyeulizwa, na hapo mnaweza kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawaruhusu.

Lakini kosa mnalofanya, na sisi huku tunalifanya vile vile, ni kuja wakati pesa imeshagawanywa. Kwenu mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mkimfuata MCA wenu, yani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, mwezi wa Juni mnamfuata mtu ambaye sahani yake imeshaliwa. Nendeni Julai na Agosti, mpango ukiwa bado unaandikwa. Na mkienda chukueni ile sera ya Nairobi ya usafiri usiotumia injini ya mwaka 2015, iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwenye miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Muulize swali moja, mwaka huu ni asilimia ngapi? Mkae kimya mumsubiri ajibu.

Inawezekana kaka. Katikati ya jiji lenu Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu zilitengenezwa mwaka 2020 zikapata nafasi ya watu na baiskeli, ukitembea pale unahisi kabisa kwamba mtu alikufikiria. Na upande wa pili mnayo Thika Road, tangu 2012 ina njia nane za magari na madaraja ya miguu yaliyokaa mbali mbali, watu wakawa wanaruka vyuma vya katikati kuvuka. Ukimuuliza aliyeruka kwanini, anakwambia daraja liko kule na mimi naenda hapa. Waliochora walifikiria gari litoke wapi lifike wapi, hawakusimama stejini kuangalia watu wanaelekea wapi.

Nina duka la vipuri Moshi mjini. Wamesema njia ya baiskeli itaondoa sehemu ya kuegesha magari mbele ya duka. Wateja wangu wanakuja na magari. Ntafunga?

Shemeji, kabla hujakasirika fanya hesabu wiki moja. Kila anayeingia muulize umekujaje, weka alama kwenye daftari, gari, miguu, baiskeli, bodaboda. Wafanyabiashara wengi wakifanya hivyo wanashangaa, magari mawili yaliyoegeshwa mbele toka asubuhi unakuta moja ni la kwake mwenyewe na lingine la jirani. Ila kwako ni vipuri, inawezekana kweli unahitaji sehemu ya kushusha na kupakia gearbox, mtu habebi kwa mkono. Basi omba hicho, nafasi moja ya kupakia kwa dakika 15 mbele ya maduka yenu, ichorwe rasmi. Hiyo wanaweza kukupa bila kuua njia. Ukiomba njia isijengwe kabisa utakosa vyote.

Anti salama? Huku Shinyanga sisi baiskeli ndo daladala zetu, mtu anabeba abiria nyuma kwenye kiti chenye sponji na maisha yanaenda. Mbona kila siku njia za baiskeli ni Dar, sisi tunaobeba nchi kwa pedeli hatuonekani?

Salama ndugu yangu, na hii barua imenikaa rohoni mana ni kweli. Nilipofika Shinyanga mara ya kwanza nilipandishwa baiskeli toka stendi, kijana akaniuliza tu unaenda wapi mama, akafuta kiti na kitambaa, tukaondoka taratibu, akawa ananihadithia habari za mji mpaka tunafika. Hakuna mradi wala mtaalam aliyewafundisha.

Tatizo ni kwamba miradi inaenda penye foleni ya magari, mana foleni ndo inapigiwa kelele na wakubwa wapo ndani yake. Sehemu ambayo watu tayari wanaendesha baiskeli inaonekana haina tatizo. Kwaiyo msisubiri mradi mkubwa. Mnapojengewa barabara ya kawaida ya lami, na TARURA wanajenga kila mwaka, ulizeni kwenye mkutano wa mtaa kama ile bega ya pembeni itawekwa lami na yenyewe na itakuwa na upana gani. Mita moja na nusu kila upande yenye mstari uliopakwa rangi sio kitu cha ajabu, na nyie mngeishi. Bega ya changarawe abiria anarushwa, kwaiyo dereva wa baiskeli anapanda kwenye lami ya magari, lori linakuja. Mwaka wa fedha kwetu unaanza 1 Julai na bajeti inaanza kupikwa huku chini miezi mingi kabla, kwaiyo hoja yenu ya bega ipelekeni Oktoba, Novemba, na waendesha baiskeli mwende wote siku hiyo na baiskeli zenu mziegeshe nje ya ofisi ya kata. Diwani akizihesabu ataelewa.

Kuna watu wanawaambia baiskeli ni umaskini, mtatoka huko mkipata maendeleo. Msiwasikilize. Uholanzi ambako leo mawaziri wanaenda kazini na baiskeli, mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi wakaingia mitaani wakasema inatosha. Njia zao zimetokana na kilio hicho, sio kwamba walizaliwa nazo.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Shule yetu iko karibu na barabara na wanataka kujenga njia ila tumesikia itaishia kabla ya shule. Je mtoto anaweza kusema kwenye mkutano? Mama anasema mikutano ni ya watu wazima.

Marahaba mjukuu wangu. Mama yuko sahihi kwamba wanaopiga kura kwenye mkutano wa mtaa ni waliofikisha miaka 18. Ila hakuna sheria inayokataza barua ya wanafunzi kusomwa pale.

Na mna hoja nzito. Dar kuna mradi wa kuboresha usalama kwenye maeneo ya shule, unaitwa SARSAI, wanaweka vitu vidogo tu, njia ya miguu, matuta, alama, kivuko cha pundamilia, geti linahamishwa lisitazame barabara, na watoto wanaoumia wamepungua kwa kama robo. Mwaka 2019 ulipata tuzo kubwa ya kimataifa ya miji, ukashindana na miradi ya nchi nyingine ukashinda. Kwaiyo mtu akikwambia vitu vidogo havisaidii, mwambie vimesaidia, tena hapa hapa kwetu.

Fanyeni hivi. Muombeni mwalimu wenu siku tatu, kundi la watu sita msimame ndani ya geti, sio nje, saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu asubuhi, mhesabu wanafunzi wangapi wanakuja kwa miguu, wangapi kwa baiskeli, wangapi kwa bodaboda na wangapi kwa gari. Andikeni kila siku na tarehe yake. Alafu mchore ramani ya kutoka pale njia inapoishia mpaka getini kwenu, mpime kwa hatua, mweke alama pale mnapoogopa kuvuka na muandike kwanini, lori linatokea kona hii, mtaro hauna mfuniko hapa. Barua iwe ukurasa mmoja, mwalimu mkuu asaini, iende kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa diwani, na muombe mwenyekiti aisome mbele ya mkutano kabla ya mengineyo, mana kwenye mengineyo watu wanakuwa wameshaanza kuondoka.

Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri. Na ile ramani mkimaliza nitumieni picha yake, nitaiweka kwenye ukurasa huu toleo lijalo.